Kugandisha Mayai ya Uzazi: Stori Iliyoanza na Jogoo wa London Mpaka Kumfikia Dada wa Mjini

Novemba 2023 habari moja kutoka Kampala ilizunguka mitandao yote. Mwanamke wa miaka 70 alikuwa amejifungua mapacha, wa kike na wa kiume, kwa njia ya IVF. Watu walishangaa, wakapongeza, wakaogopa. Na kwa madada wengi waliochoshwa na maswali ya mashangazi kila msiba na kila harusi, habari ile ilikuwa kama pumzi. Kumbe muda bado upo!

Ila kuna kipande cha habari ile ambacho wengi walikipita haraka. Yai lililotumika halikuwa la bibi yule, lilikuwa la mchangiaji. Mfuko wake wa uzazi ulibeba mimba kwa msaada wa homoni, lakini yai lilitoka kwa mwanamke mwingine. Hapo ndipo ilipo ishu nzima. Mfuko wa uzazi unaweza kusaidiwa hata umri ukienda. Yai likishazeeka hakuna dawa inayolirudisha ujana.

Ndiyo maana siku hizi neno "kugandisha mayai" linasikika sana. Mastaa wa Hollywood wanalisema hadharani, makampuni makubwa yanalilipia, na mabinti wa Nairobi, Dar na Kampala wanaulizana: je, hili linanifaa? Kabla ya kujibu ni vizuri kujua kitu hiki kilitoka wapi, kilitengenezwa kwa ajili ya nani, na kiliahidi nini. Historia yake inajibu nusu ya swali.

MAYAI YANAISHAJE?

Mwanaume anatengeneza mbegu mpya karibu maisha yake yote. Mwanamke hayuko hivyo. Mtoto wa kike anazaliwa na mayai yake yote, kama milioni 1 mpaka 2. Akivunja ungo yanakuwa yamebaki kama laki tatu au nne. Katika maisha yake yote yatakayokomaa na kutoka ni kama 400 tu. Mengine yanakufa yenyewe kimya kimya, awe anatumia uzazi wa mpango au hatumii, awe ameolewa au hajaolewa.

Idadi inapopungua, ubora nao unapungua. Kuanzia miaka 35 kushuka kunaongeza kasi, na baada ya 40 mayai mengi yanakuwa na hitilafu kwenye kromosomu. Matokeo yake ni mimba kuwa ngumu kushika, au kushika na kutoka. Kwa hiyo wazo la kugandisha ni rahisi kulieleza: chukua mayai yakiwa bado na nguvu, yaweke kwenye baridi kali, yasimame hapo hapo kwenye umri huo. Kulifanya ndiko kulikochukua miongo mingi.

JOGOO NA CHUPA ILIYOCHANGANYWA

Mwaka 1949, kwenye taasisi moja ya utafiti wa tiba London, watafiti walikuwa wanahangaika kugandisha mbegu za jogoo. Walijaribu kuzichanganya na maji ya sukari, zikawa zinakufa tu. Baadaye wakachukua chupa waliyoihifadhi kwenye baridi, wakajaribu tena, na safari hii mbegu zikaamka zikiwa hai. Wakashangaa. Walipopima kilichomo, kumbe haikuwa ile sukari. Chupa zilikuwa zimechanganywa, na ndani mlikuwa na gliserini. Ndiyo, gliserini ile ile watu wanayopaka kwenye ngozi.

Siri yake ni hii. Seli imejaa maji, na maji yakiganda yanakuwa vipande vya barafu vyenye ncha vinavyochana seli kwa ndani. Gliserini inazuia hilo. Kwa bahati ile ya chupa, mlango ukafunguka.

Wa kwanza kufaidika walikuwa ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ndama walianza kuzaliwa kwa mbegu zilizogandishwa, na teknolojia hiyo ikasambaa duniani. Wafugaji wa huku wanaijua vizuri. Kituo cha taifa cha uhimilishaji pale Usa River, Arusha, kinafanya kazi hiyo hiyo, na yule mtaalamu anayekuja na mtungi wa naitrojeni kumpandisha ng'ombe wako amebeba mjomba wa teknolojia inayozungumziwa hapa.

Binadamu alifuata haraka. Mwaka 1953 huko Iowa, Marekani, mbegu za kiume zilizogandishwa zilitoa mimba. Kwa hiyo mwanaume akawa ameshapata "friza" yake. Mwanamke alisubiri miaka mingine 33.

MAPACHA WA ADELAIDE

Kwa nini yai lilichelewa hivyo? Kwanza, lilibidi kutoka nje ya mwili, na hilo lilihitaji IVF. Mtoto wa kwanza wa IVF alizaliwa Oldham, Uingereza, Julai 1978. Pili, yai ndiyo seli kubwa kuliko zote mwilini, karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, na limejaa maji. Ndani yake kuna nyuzi nyembamba zinazopanga kromosomu, na baridi inazivuruga. Kiinitete, yaani yai lililokwisha kurutubishwa na kuanza kugawanyika, kinavumilia zaidi. Ndiyo maana mtoto wa kwanza aliyetokana na kiinitete kilichogandishwa alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1984, kabla yai peke yake halijafanikiwa.

Mwaka 1986 daktari mmoja wa Adelaide, Australia hiyo hiyo, akatangaza mimba ya kwanza kutoka kwenye yai lililogandishwa. Walikuwa mapacha. Dunia ingetegemea kwamba baada ya hapo mambo yatawaka moto, lakini haikuwa hivyo. Madaktari wengine walijaribu, mayai mengi yakafa wakati wa kuyeyushwa, na wengi wakakata tamaa. Kwa karibu miaka kumi kazi hii ililala.

Wakati huo hakuna aliyekuwa anafikiria dada mwenye kazi nzuri asiyetaka kuharakisha ndoa. Waliofikiriwa walikuwa wagonjwa wa kansa. Tiba ya kansa, dawa zile kali na mionzi, inaweza kuua mayai ya binti wa miaka 22 ndani ya miezi michache. Mgonjwa aliyeolewa angeweza kugandisha kiinitete na mumewe. Ambaye hana mume alikuwa hana pa kushika. Kwake, kugandisha mayai ndiyo ilikuwa njia ya kubaki na tumaini.

WAITALIA NA SHERIA YAO

Walioiamsha kazi iliyolala ni Waitaliano. Huko Bologna, miaka ya 1990, madaktari waliligundua tatizo moja: yai likigandishwa ganda lake la nje linakuwa gumu, mbegu ya kiume inagonga mlango haufunguki. Lakini mwaka 1992 Brussels walikuwa wameshatangaza mbinu ya kuichukua mbegu moja na kuidunga moja kwa moja ndani ya yai kwa sindano nyembamba kuliko unywele. Bologna wakaunganisha vitu viwili hivyo, na mwaka 1997 wakatangaza mtoto aliyezaliwa kwa njia hiyo.

Kisha ikaja siasa. Mwaka 2004 Italia, nchi yenye Wakatoliki wengi, ilipitisha sheria iliyokataza kugandisha viinitete na kuruhusu mayai yasiyozidi matatu tu kurutubishwa kwa mara moja. Sasa daktari amemtolea mama mayai kumi, matatu yametumika, saba atayapeleka wapi? Kuyatupa ni hasara, kuyarutubisha ni kosa. Ikabaki kuyagandisha yakiwa mayai. Mahakama ya Katiba ya Italia ilikuja kuifuta ile namba ya matatu mwaka 2009, lakini kwa miaka mitano sheria iliyolenga kubana iliwalazimisha madaktari kuwa mafundi wa kitu kingine kabisa.

KIOO BADALA YA BARAFU

Badiliko kubwa lilikuwa la kasi. Mbinu ya zamani ilishusha baridi polepole kwa mashine. Mbinu mpya ikafanya kinyume: ondoa maji kwenye yai, lijaze dawa ya kulikinga, kisha litumbukize kwenye naitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Linaganda kwa sekunde, haraka kiasi kwamba barafu haipati nafasi ya kujitengeneza. Linakuwa kama kioo. Watoto wa mbinu hii walianza kutangazwa mwaka 1999, na mafundi wa Tokyo waliiboresha miaka ya mwanzo ya 2000 mpaka mayai mengi yakawa yanaamka salama.

Oktoba 2012 chama cha madaktari wa uzazi Marekani kikatangaza kwamba kugandisha mayai siyo majaribio tena. Hapa pana jambo la kushika. Tangazo hilo hilo lilisema takwimu hazitoshi kuwashauri wanawake wenye afya wagandishe kwa sababu tu ya kukwepa umri. Kichwa cha habari kikasambaa, onyo likabaki nyuma.

MAKAMPUNI YANAINGIA

Mwaka 2014 biashara ikachangamka. Facebook na Apple zikajulikana kuwa zitawalipia wafanyakazi wao mpaka dola 20,000 kwa kazi hiyo. New York zikafanyika hafla za jioni, vinywaji mkononi, huku madaktari wakiwaeleza madada faida za kugandisha. Ujumbe ulikuwa mtamu: piga kazi kwanza, mtoto atasubiri kwenye friza.

Wengine walishangilia, wengine walihoji. Mbona bosi ana hela ya kuahirisha mtoto, lakini hana likizo ya uzazi ya kutosha wala sehemu ya kumlea mtoto akishazaliwa?

Halafu ukaja utafiti uliopindua stori yenyewe. Profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Yale alihoji wanawake zaidi ya 150 wa Marekani waliogandisha mayai, akachapisha kitabu mwaka 2023. Alitegemea kukutana na wanawake wanaokimbizana na vyeo. Alichokuta ni tofauti. Wengi walikuwa wanataka watoto kweli kweli. Kilichokosekana ni mwanaume wa kuzaa naye. Wamesoma, wana kazi, lakini mwenza anayeeleweka hapatikani, au alikuwepo akaondoka wakiwa na miaka 36. Hawakuwa wanaahirisha uzazi kwa ajili ya ofisi. Walikuwa wananunua muda wa kutafuta mtu.

Dada wa mjini wa huku akisoma hapo hahitaji mkalimani.

NANI ANARUHUSIWA?

Kila nchi imeipokea teknolojia hii kwa namna yake. Beijing, mwanamke mmoja asiye na mume alikwenda hospitali mwaka 2018 akiwa na miaka 30 akaomba kugandisha mayai. Akaambiwa huduma ni ya walioolewa, na akahimizwa aolewe azae. Akaipeleka hospitali mahakamani, kesi ikavuma dunia nzima. Mwaka 2022 akashindwa, akakata rufaa, na 2024 akashindwa tena. Mwanaume wa China kuhifadhi mbegu zake ilikuwa inawezekana bila kuulizwa cheti cha ndoa.

Misri, mwaka 2019, mwanadada mmoja alijitokeza mtandaoni akasema wazi kwamba amegandisha mayai yake. Mjadala ukawaka. Taasisi kuu ya fatwa ya nchi hiyo ikajibu kwamba inaruhusiwa kwa masharti: yai lije litumike ndani ya ndoa, kwa mbegu za mume wake, na lihifadhiwe kwa uangalifu lisichanganywe na la mtu mwingine. Kwa dada Muislamu anayejiuliza kuhusu dini, jibu hilo ni mahali pa kuanzia kabla ya kumuuliza sheikh anayemuamini.

Uingereza nayo ilikuwa inaruhusu kuhifadhi kwa miaka 10 tu, baada ya hapo yanatupwa, hasa kwa asiye na sababu ya kiafya. Fikiria aliyegandisha na miaka 28, akifika 38 anaamriwa aamue. Kuanzia Julai 2022 sheria ikabadilishwa, sasa inaweza kufika miaka 55 kwa kuthibitisha kila baada ya miaka 10.

TANKI LIKIFELI

Machi 2018, ndani ya wikiendi moja, matanki yalifeli kwenye vituo viwili tofauti Marekani. Kile cha Cleveland, Ohio, peke yake kilipoteza mayai na viinitete zaidi ya 4,000. Wamo waliogandisha kabla ya tiba ya kansa, ambao hawakuwa na mayai mengine ya kurudia.

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki atauliza mara moja: na umeme ukikatika? Tanki la naitrojeni lenyewe haliendeshwi na umeme kama friji ya nyumbani. Baridi inatoka kwenye naitrojeni. Ila naitrojeni inapungua kwa kuwa mvuke, lazima iongezwe mara kwa mara, na lazima kuwe na alama ya hatari inayolia usiku mtu akasikia. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari siyo "mna jenereta?" peke yake. Ni nani anaongeza naitrojeni, mara ngapi, na alamu ikilia saa nane usiku inamwamsha nani.

NAMBA ZINASEMAJE?

Mwaka 2022 kituo cha uzazi cha chuo kikuu kimoja New York kilitoa matokeo ya wanawake waliorudi kuyatumia mayai yao. Wengi walikuwa wamegandisha wakiwa na miaka 38 hivi. Kwa ujumla waliopata mtoto walikuwa asilimia 39. Waliogandisha kabla ya miaka 38 walikuwa asilimia 51. Na waliogandisha kabla ya 38, wakawa na mayai 20 au zaidi ya kuyeyusha, walifika asilimia 70.

Zisome tena taratibu. Hata kundi lililofanya vizuri kuliko yote, watatu katika kila kumi waliondoka bila mtoto. Na mayai 20 siyo mchezo. Wengi hawayapati kwa awamu moja.

Awamu moja yenyewe ni hivi. Sindano za homoni kila siku kwa siku 10 hivi, ultrasaundi na vipimo vya damu katikati, sindano ya mwisho ya kukomaza, kisha baada ya saa kama 36 daktari anayavuta mayai kwa sindano ndefu kupitia ukeni huku mgonjwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Tumbo linajaa, na wachache ovari zinavimba kupita kiasi mpaka kulazwa. Huko Marekani awamu moja iliripotiwa kugharimu kama dola 10,000, bado malipo ya kuhifadhi kila mwaka. Na siku ya kuyatumia kuna bili nyingine ya kuyeyusha, kurutubisha na kupandikiza.

BASI, INAKUFAA?

Kwa binti anayeanza tiba ya kansa, historia yote hii iliandikwa kwa ajili yake. Anatakiwa kumuuliza daktari kabla ya dozi ya kwanza, siyo baada. Vivyo hivyo kwa ambaye mama au dada zake walikoma hedhi mapema sana, au anayesubiri upasuaji wa ovari.

Kwa binti wa miaka 24 mwenye afya, kukimbilia benki kukopa siyo haraka. Anao muda, na inawezekana kabisa asije kuyahitaji. Wanawake wengi waliogandisha hawajawahi kurudi kuyachukua, wengine kwa sababu walishika mimba kawaida.

Kwa dada wa miaka 32 mpaka 37 anayetaka mtoto lakini hana wa kuzaa naye, hapo ndipo swali lina uzito. Aende akapime kwanza. Kipimo cha AMH kinaonyesha akiba ya mayai, ingawa hakisemi ubora wake. Aulize kituo hicho kimeshapata watoto wangapi kutoka kwenye mayai yaliyogandishwa, siyo mayai mangapi yako kwenye tanki. Nairobi ilipata watoto wake wa kwanza wa IVF mwaka 2006, kwa hiyo kanda hii ina ujuzi, lakini ujuzi wa IVF na ujuzi wa kugandisha mayai siyo kitu kimoja.

Aliyevuka 40 anastahili kuambiwa ukweli bila kupakwa mafuta: mayai mengi ya umri huo hayatatoa mtoto, hata yakigandishwa na fundi bora duniani.

Na kuna kitu cha bei nafuu ambacho hakiitwi teknolojia. Huku Afrika wanawake wengi wanaokosa mimba tatizo lao ni mirija iliyoziba kwa maambukizi ambayo hayakutibiwa vizuri. Dada anayetibu maambukizi mapema anaulinda uzazi wake kuliko anayeweka akiba ya milioni kadhaa akapuuza maumivu ya tumbo. Mwanaume naye apimwe, maana mara nyingi shida iko upande wake.

Tangu ile chupa iliyochanganywa mwaka 1949 mpaka leo, hakuna hatua hata moja ambapo sayansi iliahidi mtoto. Iliahidi kuhifadhi nafasi. Matangazo ndiyo yaliyogeuza nafasi kuwa ahadi. Anayelipa akijua ananunua nafasi, akajua ukubwa wa nafasi hiyo kwa umri wake na idadi ya mayai yake, hata matokeo yakiwa mabaya hatakuwa ametapeliwa. Anayelipa akidhani mtoto wake tayari yuko kwenye tanki anamsubiri, huyo anaweza kuipita miaka yake mizuri akiwa ametulia kwa kitu ambacho hakuna aliyempa.

Wewe unaonaje, ungegandisha au ungeacha mambo yaende yenyewe? Na kaka zetu mnaosoma kimya kimya, nanyi semeni. Dondosha maoni yako hapo chini, bila matusi.